Funguo za Gari Mkononi

Ijumaa ya tarehe 31 Mei 2013, jioni, nilisimama mlangoni kwetu upande wa magharibi wa Oklahoma City, Marekani, funguo za gari mkononi, nikimsihi mke wangu awatoe watoto tuondoke. Alikataa. Kila tarehe hiyo ikirudi namshukuru upya, na mwaka huu nimeona niiandike kabla sijaanza kusahau.

Nilivyokuwa nimechanganyikiwa siku ile kuna sababu yake. Siku 11 tu zilikuwa zimepita tangu tornado, upepo mkali unaozunguka ukishuka kutoka wingu la dhoruba, ipige mji wa Moore, kusini mwa jiji, ikaua watu 24, wakiwemo watoto 7 wa shule moja ya msingi. Nilikwenda huko kupeleka maji ya kunywa. Nilitembea katika mtaa ambao kila nyumba ilibaki sakafu ya zege, imefagiwa safi, na juu ya sakafu mojawapo kilikuwa kimesimama kiti cha mtoto cha kulia chakula, kizima, hakina hata mkwaruzo. Kiti kile kilinikosesha usingizi kuliko magofu yote.

Sisi tuliolelewa pwani tunasema kimbunga tukiwa na maana ya dhoruba ya baharini, inayotangazwa siku kadhaa kabla, mtu akapata muda wa kuvuta mashua yake. Tornado haikupi nafasi hiyo. Wingu linateremsha kitu kama mkonga wa tembo, mkonga ukigusa ardhi unafagia, na ukipata robo saa ya kujiandaa una bahati. Kule hata watoto wadogo wanajua tofauti ya tahadhari na onyo. Tahadhari ni kwamba hali ya hewa inaweza kuizaa. Onyo ni kwamba imeonekana kwa macho au kwenye rada, kwa hiyo jifiche sasa hivi. Siku ile tahadhari ilitolewa alasiri. Onyo lilipokuja, mtangazaji mmoja wa televisheni alikuwa akiwaambia watu wasio na chumba cha chini ya ardhi waingie kwenye magari waelekee kusini.

Sisi hatukuwa nacho. Nyumba nyingi za kule hazina. Ndipo nikachukua funguo.

"Mama watoto, twende. Moore umeiona."

"Nimeiona," akasema, huku amepiga magoti anamfunga mdogo kamba za viatu. "Na magari ya Moore nimeyaona pia. Ulisahau yalivyokunjwa? Ukishaingia barabarani, utawaficha wapi hawa?"

Nilifungua mlango nikatazama nje. Mbingu ilikuwa ya kijani iliyochanganyika na weusi, na njia ya kuelekea barabara kuu ilikuwa taa nyekundu tupu, gari nyuma ya gari, hakuna hata moja linalosogea. Niliyatazama kwa muda ambao hata leo naona ulikuwa mrefu mno. Kisha nikafunga mlango, nikaenda kuvuta godoro la kitandani kwetu.

Bafu letu lilikuwa katikati kabisa ya nyumba, halina dirisha, na kila upande kulikuwa na chumba kingine kati yetu na ukuta wa nje. Watoto wote wawili tuliwaweka ndani ya beseni la kuogea, wamevaa helmeti zao za baiskeli. Viatu aliving'ang'ania mke wangu. Jirani yetu mzee, aliyenusurika kwenye tornado ya tarehe 3 Mei 1999, alikuwa amemwambia kwamba wengi upepo uliwaacha wazima, wakaumizwa na misumari na vioo walipokuwa wakitoka kwenye kifusi bila viatu. Tukaingiza redio ya betri, tochi na chupa za maji. Halafu mke wangu akatoa kalamu ya wino mzito, akaushika mkono wa binti yetu wa miaka saba, akaanza kuandika namba yake ya simu kuanzia kiwiko kushuka chini.

"Mama, kwa nini unaniandika?"

"Tukipotezana, atakayekuona ajue nani wa kumpigia."

Alilisema kwa sauti ileile anayotumia kumuuliza kama amepiga mswaki. Namba ya mwisho ndiyo ilitetemeka.

Ving'ora vikalia. Kule hujaribiwa kila Jumamosi saa sita mchana, watoto wameshavizoea, na mdogo akaniuliza kutoka ndani ya beseni, "Baba, leo Jumamosi?" Nikamwambia hapana, leo si majaribio, akanishika kidole na hakukiachia tena. Umeme ukakatika. Tukajifunika godoro, sisi wawili tumeinama juu yao, redio ikitaja majina ya sehemu tunazozijua: El Reno, kisha Yukon, kila jina likiwa karibu yetu kuliko lililotangulia. Mvua ya mawe ilipiga paa hata redio isisikike. Mke wangu aliomba kwa sauti ya chini, jina la kila mtoto, kisha langu, kisha anaanza tena.

Ile tornado kubwa haikutufikia. Ilisambaratika kabla ya kuingia jijini. Baadaye tulikuja kujua kwamba upana wake ulifika kilomita 4.2, mkubwa kuliko wowote uliowahi kupimwa, na kwamba watu 8 iliowaua wote walikutwa na mauti barabarani, kwenye safari ya magari. Miongoni mwao alikuwa Tim Samaras, mtafiti aliyezifuatilia dhoruba hizi kwa miaka mingi, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Nilisoma habari hiyo mara tatu. Na mafuriko ya usiku uleule yaliua wengine tena, baadhi yao wakiwa wamejificha kwenye mtaro wa maji ya mvua wakidhani wameukimbia upepo.

Tulikaa bafuni hadi usiku. Tulipotoka, maji yalikuwa yamefika kizingiti cha mlango, na gari letu lilikuwa limezama mpaka kwenye viti. Funguo nilizikuta kesho yake kwenye rundo la taulo. Sikumbuki nilizitupa saa ngapi.

Jumapili nilimwogesha binti yangu katika beseni lilelile. Wino ulikuwa umefifia lakini namba zote kumi zilisomeka, na ile ya mwisho ilikuwa bado imepinda. Niliupitisha mkono wenye sabuni juu yake mara moja, polepole, kisha nikauacha wino pale, nikaendelea na mgongo.