Nyuzi nyembamba chini, nene juu: jinsi nilivyopata seti inayonifaa

Hapa Malindi napiga gitaa la umeme harusini. Mkono mmoja unafanya kazi ya watu wawili: chakacha inataka ridhimu nzito, kisha solo inataka nyuzi zinazovutika. Seti ya 11 (uzi mwembamba kabisa inchi 0.011) ilinipa ridhimu safi, lakini kwenye solo sauti haikupanda hadi nilipotaka na vidole viliwaka moto. Nilipofunga ya 9, solo ikawa raha tupu, ila nikichapa ridhimu kwa nguvu nyuzi nene zilitetema ovyo.

Sababu ni hesabu tu. Kwa sauti ileile, mvuto hupanda kwa kipeo cha pili cha unene: uzi wa 0.011 huvuta takriban asilimia 21 zaidi ya ule wa 0.010. Tofauti ya unywele, lakini kidole kinaijua.

Dawa ikawa seti ya mchanganyiko, 10 hadi 52. Nyuzi tatu nyembamba ni 10, 13, 17, laini kuvuta. Tatu nene ni 30, 42, 52, zinahimili kuchapwa. Naipenda mno.

Ukibadilisha unene, usiishie hapo. Mvuto wa shingo hubadilika, hivyo kagua fito ya chuma iliyo ndani yake, uigeuze kidogokidogo. Kisha linganisha mlio wa freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukata shingo) na ule wa harmoniki ya palepale, yaani mlio wa uzi ulioguswa tu bila kubanwa; iwe sauti moja. Na kwa upepo huu wa chumvi, futa nyuzi kila ukimaliza kupiga.

Gitaa la nyuzi za nailoni lisifungwe nyuzi za chuma kamwe, daraja linaloshika nyuzi linaweza kung'oka.