Kufuli kwenye mlango wa dharura

Tangu Alhamisi sijatulia, ngoja niandike, labda kuna mtu mwingine hapa Tabora au popote anafanya kazi kwenye jengo kubwa kama letu akashtuka mapema.

Tulifanya mazoezi ya kujiokoa na moto. Jengo lenyewe ni la umma, silitaji, lina ghorofa tatu na kuanzia saa mbili asubuhi linajaa wananchi, wengine wametoka Urambo wengine Sikonge, wamepanda basi alfajiri kufuata huduma. Mimi nilipewa ghorofa ya pili, nihakikishe wote wametoka halafu nikaripoti chini ya mwembe uwanjani, ndo pale tulipopanga pa kukusanyikia.

King'ora kikalia saa nne na dakika kumi na hakuna aliyenyanyuka. Watu wakaangaliana. Dada wa dirishani akaendelea kugonga mihuri, wananchi kwenye mabenchi wanasubiri waone wafanyakazi watafanyaje, wafanyakazi nao wanamwangalia bosi, yaani ilipita kama dakika nzima na nusu mpaka nikapaza sauti jamani inukeni tokeni nje acheni kila kitu. Na bado kuna mama akarudi kufuata pochi yake. Sasa ingekuwa moto kweli hiyo dakika na nusu ndo uhai wenyewe, maana wengi wanaokufa kwenye moto wanauawa na moshi kabla miali haijawafikia, unavuta kidogo tu akili inapotea, ndo maana tunaambiwa tutambae chini kwenye hewa afadhali.

Halafu wote wakakimbilia ngazi za mbele. Vibao vya kijani vya njia ya kutokea vipo, tena vikubwa, lakini mgeni anatoka alikoingilia, binadamu ndivyo tulivyo, na huwezi kumlaumu mtu aliyefika hapo mara moja kwa mwaka.

Nikawageuza kama ishirini hivi tushuke ngazi za nyuma. Tunafika chini, mlango umefungwa. Mnyororo umezungushwa mara tatu kwenye vishikio, kufuli limeshika kutu, juu yake vumbi jekundu limelala hata alama ya kidole hakuna. Funguo anayo mlinzi na mlinzi yuko geti la mbele. Kulikuwa na mzee mmoja anatembelea fimbo, hakufoka, aliniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, sasa tunatokea wapi?" Nikamwambia samahani baba, turudi juu. Tukaanza kupanda, yeye ngazi moja moja, mkono mmoja kwenye fimbo mwingine begani kwangu, na mimi nawaza moshi unapanda juu na ndo huko huko nampeleka.

Nilipouliza kwa nini pamefungwa nikaambiwa kuna kompyuta ziliwahi kuibiwa kupitia pale. Sawa, wizi upo, sikatai. Ila hilo tatizo lilishapata dawa zamani sana. Mwaka 1903 kule Chicago ukumbi wa maonyesho wa Iroquois uliungua, walikufa watu 602, na ulikuwa na wiki kama tano tu tangu ufunguliwe na ulitangazwa kwamba hauungui. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine inafunguka kuelekea ndani, watu wakabanana pale pale. Carl Prinzler, muuza vifaa vya milango, alikuwa aende siku hiyo akakosa, na baadaye yeye na wenzake wakatoa komeo la kusukuma, lile la bomba linalokaa kwa upana wa mlango. Ukiwa nje hufungui bila funguo, ukiwa ndani unalisukuma hata kwa kiuno mlango unaachia. Mwizi anabaki nje na mzee wangu anatoka. Miaka zaidi ya mia baadaye sisi tunazungusha mnyororo! Na sio kwamba hatujui uchungu wa moto, mabweni ya shule yameungua, tumezika watoto wa sekondari ya Shauritanga mwaka 1994, tukazika wasichana 12 wa sekondari ya Idodi mwaka 2009.

Chini ya mwembe nako tulikwama, wafanyakazi tuliwahesabu vizuri, wananchi hatukujua walikuwa wangapi kwa hiyo hatukujua nani kabaki. Kijana mmoja alikuja kutokea chooni ghorofa ya kwanza wakati sisi tumeshasema wote tumetoka.

Niliandika yote hayo kwenye ripoti bila kupunguza, na nashukuru uongozi umesikia. Jumatatu mnyororo umetolewa, fundi amekuja kupima mlango ili ufunguke kuelekea nje na uwekwe komeo la kusukuma, na kwa sasa mlinzi mmoja anakaa pale pale muda wote wa kazi. Kila ghorofa ina mtu wa kukagua vyoo, na namba ya zimamoto, 114, imebandikwa kila dirisha la huduma. Mazoezi mengine ni mwezi ujao, siku hatutaambiwa, na nimeomba safari hii nipangiwe ngazi za nyuma.