Vitamu vya kakao bila oveni, na ubishi wangu na baba kuhusu asali

Nyumbani kwetu hapa Isevya hatuna oveni, keki nimekuwa nikioka kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko kama alivyonifundisha mama, na ilikuwa raha tu mpaka ufike mwezi wa kumi, lile joto la Tabora kabla mvua hazijashuka, ukikaa na huo mkaa jikoni jasho linatoka hadi kwenye kope. Ndo nikaanza hivi vitamu vya kakao ambavyo haviokwi, na sijarudi nyuma.

Ila sababu kubwa ni baba. Alipimwa sukari akaambiwa iko juu kuliko inavyotakiwa, apunguze vitamu. Baba yangu na vitamu jamani, chai yake ilikuwa vijiko vinne na hapo anakoroga anaonja anaongeza. Akaja kwangu kupumzika wiki tatu, amebeba dumu la asali toka Sikonge, lita tano, nyeusi, ina harufu ya moshi kwa mbali, kashika dumu kama mtoto. Akaniambia, "Mama, sukari nimeacha kabisa, sasa natumia asali tu, asali ni dawa." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake, kwa hiyo kumbishia inabidi uwe na adabu mara mbili.

Sasa mtu wa Tabora umwambie asali ni sukari! Sisi ndo watu wa asali, mizinga imejaa porini huko, mtu akisafiri kwenda Dar zawadi ni asali. Lakini nilikuwa nimesoma nikaelewa, asali kwa sehemu kubwa ni sukari tu, kijiko kikubwa kimoja kina kama gramu 17 za sukari, hiyo ni sawa na vijiko vidogo vinne vya sukari ya dukani. Na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2015 wanasema sukari za kuongeza zisizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwenye chakula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko vidogo sita, na asali wameihesabu humohumo. Nikamwambia baba, nakuelewa, asali ni nzuri na tutaila, ila tuihesabu kama sukari. Akanyamaza. Kunyamaza kwake sio kukubali, namjua.

Basi nikaingia jikoni.

Kwanza kakao yenyewe, hapa wengi tunakosea na mimi nilikosea. Nilinunua kopo la chokoleti ya kunywa nikidhani ndo kakao, kumbe ukigeuza nyuma ukasoma vilivyomo cha kwanza kimeandikwa sukari, na cha kwanza ndo kilicho kingi. Unachotaka ni kopo lililoandikwa kakao peke yake, unga mweusi mchungu, ukiulamba unakunja uso. Huo uchungu ndo mali yenyewe. Inaniuma kwamba Kyela huko Mbeya wanalima kakao nyingi, alafu karibu yote inasafirishwa mbegu mbegu, sisi tunarudishiwa kwenye kopo.

Vidonge vya karanga na kakao ndo vilivyomteka baba. Nachukua karanga vikombe viwili, nazichagua moja moja kwenye ungo, iliyosinyaa au yenye ukungu natupa, hapo usione huruma kwa sababu ile sumu ya ukungu haiondoki kwa kukaanga. Nakaanga kwa moto mdogo, napeta maganda, natwanga kwenye kinu, na utwange hadi mafuta yaanze kutoka, utaona unga unabadilika rangi unaanza kushikana kwenye mchi na harufu inajaa uwani mpaka watoto wa jirani wanachungulia. Sio laini kabisa, bakiza chembechembe za kutafuna. Tende kumi natoa kokwa naloweka maji ya moto dakika kumi, nachuja, natwanga humohumo. Kakao vijiko vikubwa vinne, chumvi kidogo sana (usiiruke, ndo inaamsha kakao), asali kijiko kikubwa kimoja kwa mchanganyiko wote, kimoja tu. Unaviringisha kwa viganja kama unafanya kababu, navigaragaza kwenye ufuta uliokaangwa, vinatoka kama ishirini, friji saa moja. Umeme ukikatika havina shida, vinalainika kidogo tu basi.

Tende nazo zina sukari, nisiwadanganye, ila zimekuja na nyuzinyuzi zake na karanga zinashibisha, kwa hiyo baba anakula viwili anatosheka.

Nyingine ni ya parachichi. Mawili yaliyoiva vizuri, yasiwe na nyuzi, kakao vijiko vinne, ndizi mbivu moja, maziwa kidogo, unasaga kwa blenda au unaponda na uma alafu unapitisha kwenye chujio. Wanangu walikula wakaomba tena, na hao parachichi kwenye sahani hawaligusi. Iliwe siku hiyohiyo, ikilala inapoteza ladha.

Chokoleti ya kuyeyusha naifanya mara chache, ila ukiyeyusha kwa mvuke angalia tone la maji lisiingie, mimi liliingia toka kwenye mfuniko, chokoleti ikashikana ikawa kama mchanga. Ni yale maji kidogo yanayogandisha sukari na kakao pamoja. Usitupe, ongeza maziwa ya moto kijiko kwa kijiko inarudi kuwa rojo, mimina juu ya ndizi. Na mwenye kichanga chini ya mwaka mmoja, asali hapana kabisa, hata ya kuonjesha kwa kidole, inaweza kumletea sumu mbaya tumboni.

Wiki ya mwisho baba chai anakunywa na kijiko kimoja. Jioni kabla hajaondoka nikamletea bakuli la parachichi na kakao, akala nusu, akaweka kijiko chini, akaniangalia. "Mama, nimehesabu. Leo sijagusa asali toka asubuhi." Nikaenda kabatini nikatoa ile chupa ndogo ya asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu, nikamdondoshea nusu kijiko kidogo katikati ya bakuli. Akaila taratibu kuanzia pembeni, ile asali akaiacha ya mwisho.