Ukurasa wa 71

Kitabu cha rafiki yangu kilikaa juu ya kabati la televisheni, nyumbani kwangu Umoja, miezi 15 bila mimi kukifungua. Nilikinunua siku ileile kilipotoka kwa mpiga chapa. Nilichukua nakala mbili, shilingi 600 kila moja, moja yangu na nyingine ya dada yangu aliyeko Mombasa. Nikapiga picha nimekikumbatia, nikaituma kwa kila ninayemjua. Watu walinipongeza kana kwamba nimekiandika mimi, na furaha niliyokuwa nayo siku hiyo haikuwa ya kuigiza.

Nilijua kitabu kile kimetoka wapi. Rafiki yangu ni muuguzi. Hadithi zake 11 aliziandika asubuhi akitoka zamu ya usiku, kwenye madaftari ya shule, kabla usingizi haujamchukua. Wachapishaji aliowaendea walimjibu kwa adabu, na jibu lilikuwa moja: hadithi fupi za mtu asiyejulikana, zisizosomwa shuleni, nani atazinunua? Biashara ya vitabu hapa kwetu inabebwa na shule. Basi akajichapishia. Alikwenda mwenyewe kwenye Huduma ya Maktaba ya Kitaifa kuomba ISBN, nambari inayokitambulisha kitabu, na ilipotoka alinipigia simu akanisomea tarakimu zote 13, polepole, akatua kwenye 9966, ile sehemu inayosema kitabu hiki ni cha Kenya. "Dada, hata mimi nimeandikwa," akasema. Mchapaji wa River Road akamtolea nakala 200.

Nilidhani kununua kumetosha. Kila nilipofuta vumbi kwenye kabati nilikifuta na chenyewe, nikakirudisha. Nikijiuliza leo kwa nini sikukisoma, naona ilikuwa hofu. Niliogopa kisiwe kizuri, nikalazimika kumtazama usoni nikijua. Na niliogopa kiwe kizuri mno, nikagundua kwamba ndani ya mtu ninayekunywa naye chai kila wiki kuna mtu mwingine nisiyemfahamu.

Dada yangu yeye alikisoma. Mwezi haukuisha akaniandikia: "Nimemaliza. Nimelia sana. Mwambie rafiki yako asante." Ujumbe huo niliusukuma kwa mwenyewe kama ulivyokuja, bila kumuuliza dada yangu amelizwa na nini.

Miezi mitatu baada ya kitabu kutoka, rafiki yangu alikuja kwangu Jumapili jioni. Nilikuwa nakaanga mandazi. Akauliza akiwa amesimama mlangoni pa jikoni, "Ulikisoma?"

"Nilikisoma, dada yangu. Ni kizuri sana."

"Chote?"

"Chote."

Hakuuliza tena. Alikaa, akanywa chai, tukazungumza habari za mishahara ya wauguzi, akaenda zake. Nilishukuru kwamba hakunihoji.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja anayeuza vitabu vya mtumba kando ya barabara ya Tom Mboya. Anavitandaza juu ya gunia, na nyingi ya riwaya zake ni shilingi 100 au 200. Mimi ni karani katika ofisi iliyo karibu na hapo, na nilikuwa mteja wake wa muda mrefu. Mzee huyu haulizi kama umemaliza wala kama kitabu ni kizuri. Ukipita mbele yake jioni na kitabu ulichonunua kwake bado kimo mkobani, anakuuliza, "Umefika ukurasa wa ngapi?" Nilipojibu 40 akawa anajua niko wapi hasa, maana vingi amevisoma, na tungesimama pale dakika kumi tukimzungumzia mhusika huku watu wakitupita wakikimbilia matatu.

Swali lile lilinikaa. Huwezi kulijibu kwa kusema "ni kizuri sana".

Wakati huohuo nilikutana na rafiki yangu muuguzi kwa msusi, Buruburu, akaniambia nakala 140 zimeshatoka. Nilitaka kumpongeza. Akasema, bila kulalamika, akitazama tu kioo, "Watu wamenunua. Hakuna anayeniuliza kitu." Niliikumbuka sauti hiyo usiku kucha.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia ukweli, lakini nilifanya kitu kingine. Niliwaalika wenzangu wawili wa ofisini tukutane Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika Bustani ya Jeevanjee, ile ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906, na kila mtu aje na kitabu anachokisoma sasa. Nilisisitiza hilo la sasa. Mtu akileta kitabu alichomaliza huja na hukumu mkononi, ameshakifunga, na wengine tunabaki kutikisa vichwa. Akileta anachokisoma bado hajui mwisho, na sote tunasafiri naye. Unasema uko ukurasa gani, unasoma aya moja kwa sauti, unaeleza kinachokuvuta au kinachokukera. Kukwama kunaruhusiwa, ilmradi useme umekwama wapi.

Tulianza watatu, tukafika tisa. Wahubiri wa bustanini wana vipaza sauti, kwa hiyo mtu akisoma ilibidi tuinamiane kama wanaoteta. Walioishiwa pesa za vitabu waliazima Makadara na Kaloleni, matawi ya Maktaba ya McMillan. Kuhusu McMillan yenyewe, mzee mmoja wa kikundi chetu, mstaafu wa Reli, alitusimulia alivyokuwa akipita hapo utotoni akiwatazama wale simba wawili wa mlangoni. Jengo lilifunguliwa 1931, na Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo hadi 1958. "Niliwajua simba kabla sijavijua vitabu," alisema. Tukamwambia aandike hayo. Alikuwa ameshayaandika, kurasa mia mbili na zaidi za kumbukumbu zake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hivyo ndivyo vitabu vyetu wenyewe vilivyoingia kwenye mzunguko pamoja na vya watu wengine. Kulikuwa na kijana wa Lamu anayetunga tarbia, mashairi ya mishororo minne kila ubeti. Wengi wetu tulikuwa tumesahau somo la ushairi, ikabidi atufundishe tena: kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina vyake. Alisoma huku sisi tukigonga vidole kwenye benchi. Katika ubeti wa tano vidole vilizidi kwa pigo moja. Akasoma tena, vikazidi tena. Alikuwa ameghani shairi lile mara nyingi peke yake, na ulimi wake ulikuwa ukiimeza silabi ile bila yeye kujua. Alibadilisha neno moja palepale. Nilimwona alivyofurahi, nikaelewa kwamba sifa zote alizokuwa amepewa hazikumfaa kama vile vidole.

Nilimwalika na rafiki yangu muuguzi. Akawa anakuja Jumamosi ambazo hana zamu. Na mimi, nikiona aibu kila alipoketi mbele yangu, nikaamua kukisoma kitabu chake kweli.

Nilikifunika gazeti, kama tulivyofunika vitabu shuleni, ili nisiione picha yake mgongoni wala jina lake mbele. Hilo lilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Mara mbili za mwanzo nilizojaribu bila kukifunika, kila sentensi niliisikia kwa sauti yake, na kila mwanamke wa hadithini nilimpa sura yake, nikawa namtafuta yeye badala ya kusoma. Gazeti lilipokuja katikati, wahusika walianza kupata sura zao. Nilisoma kwenye matatu, Jogoo Road, asubuhi na jioni, msongamano ukiwa mkubwa nikapata hata kurasa 15 kwa safari moja. Nilishika penseli, nikaandika pembeni maswali tu. Na nilijikataza kumwandikia mwenyewe lolote kabla ya kumaliza, kwa sababu ukishamtumia sifa ukurasa wa kumi, unaanza kusoma ili kuzilinda sifa hizo.

Hadithi nne za mwanzo zilinishika. Ya tano ilinichosha kidogo, ina watu wengi mno kwa kurasa chache, na nikaandika hivyo. Kisha nikafika ya sita.

Mtoto wa kike ameketi juu ya kikapu katika steji ya mabasi ya Machakos, Desemba, amevaa gauni la manjano. Baba yake amesema atakuja Krismasi kutoka Busia. Mtoto anahesabu mabasi. Ukurasa wa 71 basi la mwisho linaingia, abiria wa mwisho anashuka, na makanga anafunga mlango.

Gauni lile lilikuwa la manjano kweli. Nilikuwa na miaka minane. Baba hakuja Krismasi ile wala nyingine. Mbali na dada yangu, niliyemsimulia jambo hilo ni mmoja tu, usiku mmoja umeme ulipopotea, tukiwa na mshumaa.

Nilikifunga kitabu nikashuka kituo kisicho changu.

Jumamosi ile, zamu yangu ilipofika, nilisema, "Ukurasa wa 71. Nimekwama." Mwezi uliofuata nikasema vilevile. Wa tatu pia. Kitabu kilikuwa bado kimevaa gazeti na wenzangu walinistahi, hawakuuliza ni cha nani. Lakini mara ya tatu niliinua macho nikamwona rafiki yangu ameweka mkono mdomoni. Prufu za kitabu kile, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, alizisoma mwenyewe mara nne. Alijua kuna nini ukurasa wa 71.

Tulipotawanyika alinifuata. Tulitembea hatua nyingi kimya.

"Ni changu," alisema.

"Ni chako."

"Uliniambia umekisoma."

"Nilikudanganya. Nisamehe."

Alisimama katikati ya njia, watu wakitusukuma. "Unajua nilingoja miezi mitatu? Nilikuwa naogopa hata kukupigia simu. Uliposema umekisoma chote na ni kizuri, nikasema basi, ameniruhusu. Tena ulikuwa umeshanitumia maneno ya dada yako. Siku ile nilitoka kwako nikaenda kulala. Nilikuwa sijalala vizuri tangu kitoke."

Hasira yangu ilikuwepo, na sikuificha. Nilimwambia alipaswa kuniuliza kabla hajaandika neno la kwanza. Hakujitetea. "Nilipaswa," alisema. "Niliogopa ungekataa, na hadithi ilikuwa imeshanijia." Hadi leo nashikilia kwamba siri ya mtu huombwa kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa, hata ukibadilisha jina, hata ukiwa na nia njema. Lakini nilikuwa nimemnyima nafasi ya kuyasikia hayo mapema. Aliniuliza mlangoni pa jikoni. Neno lile "Chote?" lilikuwa ndilo swali lenyewe, nami nilikuwa nageuza mandazi.

Usiku huo nilivua gazeti, nikafungua ukurasa wa 72.

Makanga haondoki. Anamwona mtoto, anamwuliza anamngoja nani, kisha anafungua tena mlango, anawasha tochi, anampandisha ndani. Wanatembea pamoja kiti kwa kiti, kutoka mbele hadi nyuma, wakimulika kila kimoja, ili mtoto aone kwa macho yake kwamba baba hayumo. Halafu anamnunulia chai ya maziwa, anamshika mkono, anamrudisha kwao.

Mimi hakuna aliyenipandisha basini. Nilirudi nyumbani peke yangu gizani, na kwa miaka mingi nilikuwa na wazo kwamba huenda baba alikuwa amesinzia kiti cha nyuma na mimi sikuangalia. Wazo hilo sikuwahi kulisema, hata usiku wa mshumaa. Sijui yeye alilionaje. Nilisoma kurasa zile saba mara tatu, nikalia kama nilivyokuwa sijalia tangu mazishi ya mama.

Saa kumi na mbili asubuhi, nikijua ndiyo anatoka zamu, nilimpigia.

"Yule makanga ulimtoa wapi?"

Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kueleza. Alikuwa mgonjwa wa wodini kwake, dereva wa masafa marefu wa zamani, mtu aliyekuwa akiamka usiku na kuomba taa iwashwe ahesabu vitanda. Akaniambia jinsi hadithi ilivyoishia mara ya kwanza pale mlango unapofungwa, na jinsi alivyoshindwa kuiacha hapo. Akaniambia kuhusu hadithi ya tano pia, kwamba hata yeye ilimsumbua. Nilitoa penseli nikamsomea maswali yangu ya pembeni mojamoja, akajibu yote. Simu ilifika dakika 50, salio likaisha, akanipigia yeye.

Siku hizi ana mswada wa pili. Kabla ya kuniletea aliniuliza kama anaweza kumwandika mama yangu na cherehani yake. Niliomba siku mbili, kisha nikamwambia sawa, ila abadilishe jina la mtaa. Nausoma asubuhi, Jogoo Road, karatasi zimebanwa kwa klipu na juu nimezivisha gazeti. Niko ukurasa wa 34. Mama bado hajatokea.