Poti ya 17

Asubuhi ile mtandao wa ofisi ulikwama wote kwa mpigo: simu za mezani kimya, printa hazionekani, intaneti hakuna. Kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi alifungua kwenye kivinjari ukurasa wa kusimamia swichi kuu, kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao wote, akasubiri, akaufungua upya.

"Dada, unagoma. Tuizime tuiwashe?"

Nikamwambia asiiguse. Swichi ile ilitunza kumbukumbu za matukio kwenye RAM, hifadhi ya muda tu. Ukiizima, ushahidi wote unapotea. Isitoshe, taa za poti, yaani matundu ya kuchomekea nyaya, zilikuwa zikipepesa kwa kasi, zote kwa pamoja. Kifaa kilikuwa hai, ila kimezidiwa.

Nilichomeka waya wa konsoli kwenye kompyuta yangu, nikafungua teminali, dirisha la kuandikia amri, kwa biti 9600 kwa sekunde. Ni mwendo wa kobe, lakini waya huo naupenda kuliko kifaa chochote kilichomo begini mwangu. Haupiti mtandaoni, unaingia kwenye swichi moja kwa moja, kwa hiyo hata SSH, njia ya kuingia kupitia mtandao, ikishindwa, wenyewe bado unajibu.

Nikabonyeza Enter. Kimya. Nikabonyeza tena, na mara mistari ikaanza kumwagika: anwani fulani ya MAC, kitambulisho cha kifaa kimoja, inarukaruka kati ya poti ya 3 na ya 17. Nyingine, kati ya 9 na 17. Nyingine, 22 na 17.

Kijana akasogea. "Dada, mbona 17 imo kila mahali?"

Alikuwa ameshaiona kabla sijafungua mdomo, na mpaka leo nafurahi kwamba aliigundua mwenyewe.

Nikaandika "show processes cpu": kichakataji cha swichi kilikuwa kimetumika asilimia 99. Hicho kilikuwa kitanzi, njia ya mtandao inayojirudia yenyewe. Pakiti ya IP hubeba TTL, namba inayopungua kila inapovuka ruta, na ikifika sifuri pakiti hutupwa. Fremu ya Etheneti, bahasha inayobeba pakiti hiyo kwenye nyaya za ofisi, haina namba hiyo. Tangazo moja, yaani ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote, likinaswa kwenye kitanzi huzunguka bila kufa, na kila mzunguko nakala zake humwagwa kwenye poti nyingine. Dhidi ya balaa hili Radia Perlman alibuni spanning tree mwaka 1985: swichi hutumiana taarifa ziitwazo BPDU, na zikigundua kitanzi hufunga njia moja. Sasa kwa nini kinga hiyo ilikuwa imelala?

Niliifunga poti ya 17 kwa neno moja, "shutdown". Mistari ikakoma. Baada ya muda mfupi simu zikarudi.

Kuna mafundi wangeondoka hapo. Mimi nilitaka jibu, nikaomba mipangilio ya poti ile peke yake. Ilikuwa mistari michache tu, na mmojawapo ulisomeka "spanning-tree bpdufilter enable". Kuna aliyeuandika zamani, labda kunyamazisha onyo fulani, na tangu hapo poti haikutuma BPDU wala kuzisikiliza. Ukurasa wetu wa vitufe na picha haukuwa na mahali pa kuonyesha mstari huo. Kwenye teminali ulikuwa wazi, unasomeka kama ulivyoandikwa.

Tukaufuata waya wa 17 hadi chini ya meza moja. Pale palikuwa na swichi ndogo, na waya mmoja umechomekwa humo ncha zote mbili. Tukauchomoa. Nikaufuta ule mstari kwa kuutanguliza "no", nikaweka bpduguard, ulinzi unaoizima poti ikipokea BPDU, nikaifungua poti.

"Tutajuaje kama imeshika?"

"Tusubiri watu waondoke, kisha uurudishe ule waya."

Jioni akaenda kuuchomeka, nami nikabaki kwenye konsoli. Ilichukua sekunde chache: poti ya 17 imepokea BPDU, imezimwa. Poti nyingine zote zikaendelea na kazi. Aliporudi nikampisha kitini, naye akaandika "copy running-config startup-config", amri ya kuhifadhi mipangilio kwa kudumu, maana mpaka wakati huo mabadiliko yetu yote yalikuwa kwenye RAM tu.