Githeri ya Jumapili: tulivyopata kula pamoja bila mpishi kukosa Misa

Nilipotaja kwa mara ya kwanza habari ya kula pamoja baada ya Misa, nilipewa ushauri wa kila namna. Mmoja alisema tukodishe wapishi wa harusi. Mwingine akasema kila nyumba ije na chakula chake. Wa tatu akaniambia niachane na jambo hilo kabisa, kwa sababu watu wa Nairobi wana haraka na Jumapili ndiyo siku yao ya kufua. Ni watu ninaowaheshimu, na wote hawakuwa sahihi. Parokiani kwetu huku Kayole tunakula pamoja Jumapili nyingi za mwaka, na akina mama wa parokia nyingine hunipigia simu kuuliza tulifanyaje. Nikisikia wameanza kwa kuambiana kila mtu alete hotipoti yake, moyo huniuma, maana najua yatakayowapata.

Mtaa kama wetu una watu wengi wanaoishi peke yao. Kuna kijana bawabu anayetoka zamu ya usiku na kuja moja kwa moja kanisani na sare yake. Kuna msichana wa kazi aliyepewa nusu siku tu. Kuna mzee ambaye wanawe wako Mombasa na Eldoret, na wajane wasiopikia mtu yeyote tena. Misa ikiisha wanasalimiana getini, konda wa matatu anaita, kila mmoja anarudi kwenye chumba chake. Kanisa linadai mfungo wa saa moja tu kabla ya kupokea Komunyo, lakini wapo wenzetu ambao mfungo wao ulianza jana yake mchana, na si kwa kupenda.

Wapishi wa kukodi tuliwajaribu. Pilau ilikuwa nzuri, hema lilikuwa zuri, gharama ikawa makumi ya maelfu, na hesabu iliposomwa mbele ya kamati hakuna aliyethubutu kuuliza ya Jumapili iliyofuata. Hayo yaliishia hapo.

Ya hotipoti ndiyo ninayotaka kuyaeleza vizuri. Mwanakamati mmoja alisimama baada ya Komunyo akatangaza kwamba Jumapili ijayo kila familia ije na chakula, tutapanga mezani, tutakula kama ndugu. Watu walipiga makofi. Siku yenyewe ilipofika, meza mbili zilipangwa chini ya mti. Nyumba zenye uwezo zilileta kuku, chapati za kusukuma kwa siagi, wali wa pishori unaonukia toka mbali. Wengine walileta ugali na sukuma wiki, chakula ambacho nusu ya jiji hili hula kila jioni, lakini kilipowekwa kando ya kuku kilionekana kama kosa. Nilimwona mama mmoja mwenye kibakuli kidogo kilichofunikwa kwa leso. Aliitazama ile meza, akakirudisha kibakuli ndani ya kiondo, akampa mtoto wake mkono wakatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimfuata hadi barabarani. Akaniambia, "Mama, sisi tumeshiba," na mtoto akamtazama mamake usoni.

Waliobaki nao walikula wapi? Kila familia ilizunguka hotipoti yake. Waliojuana walionjeshana. Wale mabawabu na wasichana wa kazi, ambao hawana jiko la kupikia wala hotipoti, walisimama pembeni wakingoja mtu awakaribishe, na wengi waliondoka. Chakula chenyewe kilikuwa kimepikwa alfajiri, kwa hiyo kilikuwa cha vuguvugu au baridi kabisa. Jioni hiyo nilifungua Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, pale Mtume Paulo anapowakemea kwa sababu wakikutana kula, kila mmoja hutangulia kula chakula chake, huyu ana njaa na huyu amelewa, na wasio na kitu wanatahayarishwa. Niliisoma kwa sauti mbele ya kamati nzima, taratibu, kisha nikakaa. Hoja ya hotipoti haikurudi tena.

Nilichotaka ni sufuria moja. Chakula kimoja, githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, upawa mmoja, na asiwepo anayejua nani ametoa nini. Pesa sikuzitaka kwa sababu kwetu mchango wa pesa huandikwa jina na kusomwa kwa sauti, na anayesomwa na shilingi hamsini baada ya jirani aliyetoa elfu mbili hasahau. Ndipo tukaanzisha kikombe cha maharagwe. Nyuma ya mlango wa kanisa tuliweka ndoo zenye vifuniko. Mtu anaingia, anamimina kikombe chake, anapita. Mwenye nusu kikombe anamimina nusu. Asiye nacho anapita vilevile, na hakuna anayehesabu. Watoto ndio waliolipenda jambo hili zaidi. Wanagombania kumimina.

Ndoo ziwe zaidi ya moja, hili msilipuuze. Njahi huchelewa kuiva kuliko rosekoko, na ndengu huiva upesi mno hadi zikapondeka wakati nyingine bado ni mawe. Kwa hiyo kila aina na ndoo yake. Ndengu tunaziweka kando kwa Jumapili ya wali. Maharagwe yakilowekwa, yanayoelea juu tunayatoa, mengi yametobolewa na wadudu.

Mahindi hatukusanyi kwa vikombe, na hapa huwa sibembelezwi na mtu. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki huku Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Mahindi ya vikombe mia kutoka nyumba mia, mengine yamekaa chini ya kitanda tangu masika, siwezi kuyalisha watoto wa watu. Jumuiya iliyo zamu hununua mahindi yote kwa mfanyabiashara mmoja tunayemwamini, makavu, yasiyo na ukungu, na tunayachambua mkono kwa mkono. Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani vikundi vya waumini majirani, ambazo maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, zimetufaa sana kwa kazi hii. Kila moja inajua zamu yake, na viazi, vitunguu, nyanya na mafuta vinatoka kwao. Huwa ni elfu kadhaa, kutegemea nyanya zimeamkaje wiki hiyo. Gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka, ya mahindi na nusu yake ya maharagwe hushibisha watu 25 hivi ukiongeza viazi.

Likabaki jambo lililonikosesha usingizi, nalo ni nani atapika. Mimi nimezaliwa Mombasa, na Mombasa maharagwe huiva kabla hujamaliza kusuka ukili. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100, na mahindi makavu yanakunywa kuni asubuhi nzima. Maana yake ni kwamba akina mama wanne au watano wangekaa motoni kila Jumapili wakisikia kengele ya mageuzi kwa mbali. Nilikataa. Chakula cha baada ya Misa kinachowanyima wapishi Misa ni cha nini?

Jibu lilitoka nyumbani kwetu Pwani. Pilau yetu haikamilishwi na moto wa chini peke yake. Maji yakikaribia kukauka, unafunika, unapalia makaa juu ya kifuniko, unaiacha ijimalizie yenyewe. Nilikuwa pia nimeona vikapu vya kuhifadhi joto ambavyo vikundi vya akina mama hushona, sufuria inatoka motoni ikichemka, inafukiwa ndani, na chakula kinaendelea kuiva bila moto. Vile vikapu ni vya familia. Nikajiuliza, kwa nini kisiwepo cha parokia?

Sufuria tuliinunua kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, kubwa, yenye kifuniko kinachobana. Fundi aliipiga nyundo mbele yetu hadi kifuniko kikakaa bila kucheza. Seremala wa jumuiya yetu akatengeneza sanduku la mbao linaloizidi sufuria shubiri moja kila upande, chini na juu pia. Nafasi hiyo tuliijaza mabaki ya sponji tuliyookota bure kwa mafundi wa makochi Gikomba, tukayatia ndani ya magunia ili yasitapakae, kisha mablanketi mazito ya mitumba juu yake. Blanketi moja la sufu lilitosha kunifurahisha wiki nzima, zito vile, na tulilipata kwa bei ya chai na mandazi ya watu watatu.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema sana, alikuja akalitazama akatikisa kichwa. "Mama, mahindi hayaivi ndani ya sanduku." Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo, njoo Jumapili na kijiko."

Jumapili ya kwanza mahindi yalikuwa magumu. Nilijua mara moja kuna mtu amefungua, kwa sababu blanketi la juu lilikuwa limekunjwa tofauti na nilivyolikunja. Kijana wa kwaya aliyeachiwa alilinde alikuwa amefunua kila baada ya wimbo ili aone kama yanaiva, na kila alipofunua joto lilitoka na mvuke wake. Mzee alitafuna, akanitazama, hakusema neno. Tulikaa tukachemsha upya, tukala saa tisa. Jumatatu nilinunua kufuli. Tangu siku hiyo sanduku hufungwa mbele ya mashahidi, na ufunguo anakaa nao katekista hadi baraka ya mwisho. Jumapili iliyofuata Mzee alirudia mara mbili, na kijiko alikuja nacho kweli.

Mama mmoja wa Machakos ndiye aliyeongeza ujanja wa pili. Alisema tutumie muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ganda, kama Wakamba wanavyofanya. Ganda likishatoka, maji yanaingia upesi na punje inalainika vizuri. Aliyoyasema ni kweli, na sasa hatutumii mengine.

Utaratibu wetu ni huu. Jumamosi jioni tunaloweka, maharagwe peke yake na muthokoi peke yake. Alfajiri maji ya maharagwe yanamwagwa, vyote vinaunganishwa kwenye maji mapya, na moto unawashwa saa kumi na moja. Sufuria kubwa hivyo huchukua muda hadi ichemke. Ikianza, tunaiacha itokote kwa nguvu hadi saa moja na nusu. Msifupishe hapo kwa kutegemea sanduku. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayokufa kwa kutokota tu. Yakipashwa joto la wastani bila kuchemka sawasawa, sumu inabaki, na watu watatapika kabla ya jioni. Tokosa kwanza, kisha ndipo ufukie. Sufuria iwe imejaa pia, ikiwa nusu inapoa haraka. Saa moja na nusu inaingia sandukuni ikiwa bado inachemka, kufuli linafungwa, akina mama wanakwenda kuoga na kuvaa. Misa ni saa tatu. Wote wanaingia, wote wanakaa mbele.

Saa tano tunafungua. Mvuke unaotoka hapo unakuchoma uso, joto bado lipo tele. Viazi na karoti huwa vimemenywa tangu jana, vinawekwa karaini na vitunguu na nyanya, githeri inamiminiwa juu na kuchemka tena, dania mwishoni. Saa sita watu wako kwenye foleni.

Foleni nayo ilihitaji kupangwa, maana wenye nguvu hufika mbele bila kukusudia. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, manung'uniko yalizuka kwa sababu wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na wakachaguliwa watu saba kuisimamia. Sisi tumeweka vijana wa kuwapelekea wazee, wajane na wenye watoto wachanga pale walipokaa. Wanaofuata ni wageni, na sisi wa jumuiya yenye zamu tunakula mwisho. Kila mtu huja na sahani na kijiko chake, hilo limeondoa gharama ya kukodi na rundo la kuosha, lakini tumenunua sahani za akiba kwa ajili ya wageni, na tunawapa kabla hawajauliza. Upawa mmoja kwa kila mtu, awe mwenyekiti wa parokia au mtoto wa kuchunga viatu. Mwenye njaa anarudi, na hakuna anayemuuliza.

Yule mama wa kibakuli cha leso alirudi. Siku hizi ndiye msimamizi wa kuchambua maharagwe, na mkono wake ni mwepesi kuliko wetu sote. Juzi alinirudishia bakuli zima nililokuwa nimelipitisha, akaniambia, "Dada, haya yana changarawe," na kweli zilikuwamo.

Akina mama mnaonipigia simu: Kwaresima ndiyo majira mazuri ya kuanza, kwa sababu hakuna atakayeuliza nyama iko wapi. Desemba wengi huenda ushago, punguzeni nusu ya kipimo, na mtumie sufuria ndogo badala ya kuiacha kubwa ikiwa tupu nusu. Pilau tunaiweka kwa sikukuu ya somo wa parokia peke yake. Seremala wetu yuko tayari kuja kuwapimia sanduku, mumlipie nauli na chai. Kufuli nunueni mapema.