Nilivyotengeneza darubini kwa lenzi ya miwani, na kipande cha boksi kilichoiokoa

Usiku wa kwanza tulipoielekeza darubini yetu kwenye sayari ya Mshtarii, binti yangu alitangulia kuchungulia. Akakaa kimya, kisha akanipisha bila kusema neno. Nikainama. Nilichokiona kilikuwa doa lenye manyoya, limezungukwa na zambarau. Nikisogeza kijibomba cha jicho kidogo, zambarau inaondoka, wekundu unaingia. Nikirudisha, zambarau inarudi. Hakuna mahali palipotulia.

Tulikuwa tumeifanyia kazi wiki tatu. Iliniuma.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, hapa Singida. Binti yuko Kidato cha Tatu, na walikuwa wamefika kwenye mada ya lenzi. Jioni moja alinichorea mistari inayoingia kwenye lenzi mbinuko ikiwa sambamba, halafu inatokea upande wa pili na kukutana nukta moja. Nikamuuliza, kwa nini ipinde? Akanijibu kama walivyofundishwa: mwanga angani huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, ukiingia kwenye kioo unapungua hadi karibu 200,000. Sawa, lakini kupungua mwendo na kupinda vinahusianaje?

Kilichonifungua ni mkokoteni. Ukiuvuta kutoka kwenye lami kuingia mchangani kwa mshazari, gurudumu moja linazama kwanza na kuzubaa, lile lingine bado liko kwenye lami linakimbia. Mkokoteni wenyewe unageuka, hata kama hukutaka. Ukiingia mchangani moja kwa moja, magurudumu yote yanapungua pamoja na haugeuki kokote. Ndivyo ilivyo kwenye lenzi. Mwanga unaopita katikati unaingia wima na kutoka wima, haupindi. Unaoingia pembeni, penye mteremko, unageuzwa, na kadiri unavyokaribia ukingo ndivyo unavyogeuzwa zaidi. Nilipomwambia, alichora mkokoteni pembeni ya daftari lake la fizikia. (Baadaye alinionyesha kwamba kanuni ya kupinda huko ilikwishaandikwa na Ibn Sahl, Baghdad, mnamo mwaka 984, zaidi ya miaka 600 kabla ya Snell ambaye jina lake ndilo wanalokariri shuleni. Nilifurahi sana kulijua hilo.)

Basi nikaenda kwa mzee mmoja fundi miwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Macho yanasumbua?"

"Hapana. Nataka lenzi ya plasi moja, isiyokatwa. Ni ya darubini."

Aliweka chini alichokuwa anafanya. Akanieleza jambo ambalo sikulijua ingawa nimeona namba za miwani maisha yangu yote: chukua 1, gawanya kwa namba ya lenzi, unapata umbali wa fokasi kwa mita. Plasi moja inakusanya mwanga mita 1 kutoka kwenye lenzi. Plasi mbili, nusu mita. Plasi nne, robo. Akaizungusha lenzi kwenye jiwe lake la kunolea hadi ikaenea mdomoni mwa bomba langu la plastiki, upana wa sentimita 6. Pia alinionya upande uliovimba ndio utazame angani.

Nyumbani tuliipima. Tulifunga mlango, tukaacha dirisha moja wazi, tukaishika lenzi mbele ya ukuta wa pili. Ukutani ukatokea mwembe wa jirani, mdogo, umesimama kichwa chini, majani yakitikisika. Tepu ilisoma sentimita 101. Kuna watu wamekaa kwenye nyumba miaka mingi na hawajui kwamba ukuta wao unaweza kuonyesha mwembe unaotikisika. Jaribuni, hata kwa miwani ya babu ya kusomea gazeti.

Lenzi ya jicho niliipata kwa fundi saa, ile wanayobana kwenye jicho. Ya kwangu ina fokasi ya sentimita 5. Hesabu ya ukuzaji ni rahisi: 100 gawanya kwa 5, mara 20. Lenzi mbili zikae umbali wa jumla ya fokasi zake, kwa hiyo kama sentimita 105, na kijibomba cha jicho kiweze kuteleza mbele na nyuma. Mimi nilikizungushia karatasi ya daftari mpaka kikabana.

Tatizo la kwanza lilikuwa mwakisiko. Bomba ni jeupe kwa ndani, na mwanga wa taa ya barabarani uliokuwa unaingia kwa upande ulipiga ukuta wa bomba na kuruka hadi jichoni. Picha yote ikawa na maziwa. Nilichanganya masizi ya sufuria na gundi ya mbao, nikapitisha ndani kwa kitambaa kwenye kijiti, likakauka jeusi lisilong'aa. Maziwa yakaisha. Na lenzi zenyewe huakisi. Ishikeni ile ya fundi saa chini ya balbu, mtaona balbu mbili ndani yake, moja imesimama, nyingine imepinduka. Ya kwanza imerudishwa na uso wa mbele, ya pili imetoka uso wa nyuma. Kila uso wa kioo kisichopakwa dawa unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Darubini yangu ina nyuso nne, hivyo karibu asilimia 15 haifiki jichoni. Ndiyo sababu miwani mizuri hupakwa ile dawa inayowaka kijani au zambarau ukiigeuza.

Hayo yote tuliyamaliza, na bado Mshtarii ikaja na manyoya.

Ufumbuzi ulianzia kwenye kosa dogo la mkono. Usiku wa tatu binti alikuwa anafuta vumbi kwenye lenzi kubwa huku mimi nachungulia taa ya mnara wa simu. Kiganja chake kilifunika nusu ya lenzi. Nilitegemea nusu ya mnara ipotee. Haikupotea! Mnara ulibaki mzima, umefifia kidogo tu, na manyoya yamepungua. Nikamwambia, usitoe mkono.

Tulikaa jikoni tukalichora hadi likaeleweka. Kila kipande cha lenzi kinajenga picha nzima peke yake, ukifunika sehemu unapunguza mwanga tu, hukati picha. Na kioo hakipindi rangi zote sawasawa: bluu kinaipinda zaidi kuliko nyekundu. Kwa lenzi yenye fokasi ya mita 1, bluu inakutana karibu sentimita 2 kabla ya nyekundu. Huwezi kuzilazimisha zikutane. Lakini miale inayotoka ukingoni mwa lenzi inakuja kwa mshazari mkali, hivyo ikishapishana inatawanyika upesi na kufanya doa pana. Inayotoka karibu na katikati inakuja imelala, doa lake ni dogo hata kama rangi hazikukutana.

Nikakata duara la boksi la viatu, nikatoboa katikati tundu la sentimita 2 na nusu, nikalibandika mbele ya lenzi. Tulitupa zaidi ya theluthi mbili ya mwanga tulioulipia. Galileo naye aliifunika lenzi yake hivyo hivyo mwaka 1610, na dawa ya kweli, lenzi ya vioo viwili tofauti vinavyosahihishana, John Dollond aliipatia hataza mwaka 1758.

Usiku ule ule tukarudi uani. Mshtarii ilikuwa duara, ndogo kama punje ya mtama, rangi ya siagi, na kingo zake zimekatika safi. Kwenye mstari mmoja uliopita ubavuni mwake, nukta tatu: mbili kushoto, moja kulia.

"Baba, hizo ni nyota?"

"Chora. Kesho tutajua."

(Msiielekeze kamwe kwenye jua, hata sekunde moja. Lenzi hiyo hiyo inatoboa karatasi, na jicho ni laini kuliko karatasi.)

Kesho yake baada ya isha alitangulia tena, daftari likiwa gotini na tochi imefungwa kitambaa chekundu. Alichungulia, akatazama mchoro wa jana, akachungulia tena. Kushoto ilibaki moja. Kulia zilikuwa tatu.